Ngazi haikuandikwa kwenye mirathi

Jengo ninalokaa liko mjini hapa Tanga, ukitoka Ngamiani kama unaelekea bandarini, ghorofa la zamani, chini kuna nyumba mbili na fremu moja ya duka la spea za baiskeli, kati nyumba tatu, juu nyumba tatu, na juu kabisa paa la zege. Mi nakaa kati. Nashona nyumbani, cherehani iko karibu na mlango na mlango nauacha wazi kutwa kwa ajili ya upepo, kwa hiyo huu mwaka wa saba kila anayepanda na kila anayeshuka lazima tusalimiane. Ngazi ya jengo hili naijua kuliko hata wenye jengo.

Wenye jengo ni warithi. Mzee aliyejenga alishafariki, mi sikumkuta, akaacha watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na hesabu ya mirathi wa kiume mafungu mawili wa kike moja ikaingia kwenye jengo bila kubaki kitu: kaka mkubwa akachukua chini yote, mdogo wake akachukua juu yote, dada wawili wakagawana kati. Kodi yangu nampelekea mmoja wa hao dada, anakaa Chumbageni. Siku moja alinionyesha ile karatasi ya mgawanyo, imeandikwa vizuri kabisa, kila nyumba, kila chumba, mpaka stoo ndogo ya uani na nani ana haki ya kuanika nguo wapi. Ngazi haimo. Paa halimo. Chemba haimo, wala bomba kubwa linaloshuka na maji machafu ya nyumba zote, wala taa ya koridoo. Yani vile vitu ambavyo sote tunavitumia kila siku ndo ambavyo hakuna aliyevirithi.

Nilivyoiona ile karatasi sikuwaza kitu. Nimekuja kuielewa baadae, na nataka niieleze hapa kwa sababu najua majengo ya hivi mjini kwetu ni mengi, ya warithi, ya wanunuzi wa kipande kipande, ya wapangaji wa mabosi tofauti tofauti, na mambo ni yale yale.

Lililoanza ni paa. Juu anakaa bi mkubwa mmoja, mtu mzima, namuamkia na kumwita bibi. Kila masika ananiambia, "Mwanangu, mvua imenihamisha kitanda tena." Masika ya mwaka juzi ilifika mahali akalala jikoni usiku tatu maana chumbani maji yalikuwa yanashuka kwenye waya wa taa. Akampigia mwenye nyumba wake, yule kaka mdogo, yuko Mombasa, akajibiwa paa ni la jengo zima sio la juu peke yake, kwa hiyo wachangie wote. Akapigiwa kaka mkubwa wa chini, akasema paa liko juu, anayekaa chini ya paa ndo wa kulitengeneza, kwangu mimi halivuji. Wale dada wakasema watakalokubaliana kaka zao wao wapo. Na ukimsikiliza kila mmoja peke yake unaona ana hoja, ndo ubaya wa jambo hili. Huku mvua inanyesha.

Mimi je? Mi nilimwambia pole bibi, nikamshonea pazia la kuzuia maji kwa turubai, nikarudi kwenye cherehani. Kwangu palikuwa pakavu.

Sasa hilo paa lenyewe, watu wanadhani likivuja ni zege limechoka. Wakati mwingine ndiyo, lakini letu tatizo la kwanza lilikuwa tundu. Paa la zege sio kwamba liko sawa kabisa, fundi aliyejua kazi analilaza kidogo maji yaelekee upande mmoja kwenye matundu ya kutokea, na matundu yetu yako mawili tu. Kunguru wa mji huu mnawajua, wanapandisha juu mifupa, vifuko vya nailoni, vipande vya samaki, mpaka kandambili ya mtoto, vinakaa kwenye lile tundu, vumbi linajaa, linaota majani. Mvua ikipiga maji yanasimama kama bwawa, na maji yakisimama wiki nzima juu ya zege yatapata ufa tu hata uwe mwembamba kama uzi. Kazi ya kuzibua lile tundu ni dakika ishirini na fimbo na ndoo. Ila mlango wa kwenda juu ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao kaka wa Mombasa tangu alipokuja kwenye arobaini ya ndugu yao. Miaka zaidi ya mitatu hakuna mtu aliyepanda paani. Hata simtanki la juu tulikuwa tunasikia tu linamwagika usiku, boya limekufa, maji yanashuka juu ya lile lile zege mpaka pampu izimwe. Maji yenyewe yanatoka Mabayani huko mto Zigi yanafika mpaka uani kwa nguvu yake, lakini kupanda ghorofani tunayapandisha sisi kwa pampu, kwa umeme wa kununua, afu tunayamwaga paani yaharibu nyumba ya bibi.

Likaja la chemba, safari hii likagonga chini. Nyumba ya nyuma ya chini anakaa baba mmoja na mkewe na watoto wadogo watatu, asubuhi moja wakaamka maji ya choo yamepandia kwenye tundu la bafu na kuingia mpaka sebuleni. Nilishuka kuona, sitaki hata kueleza ile harufu. Na wao hawakufanya kosa lolote! Bomba la maji machafu linashuka wima toka juu, likifika chini linakunja kulala kwenda kwenye chemba, na pale pa kukunja ndo mafuta ya kupikia yanapoganda, pampasi zinapokwama, nywele, mabaki ya wali, kila kitu. Likiziba pale, kila anayemwaga maji ghorofani maji yake yanatafuta tundu la chini kuliko yote yatokee, na tundu la chini kuliko yote ni bafu la yule baba. Kwa hiyo sisi wa kati na juu tulikuwa tunaoga vizuri, tunavuta maji vizuri, hatuna habari, na uchafu wetu unamtokea mwenzetu kwenye kapeti.

Akapanda kugonga milango kuomba mchango wa gari la kunyonya na fundi wa kuzibua. Juu wakamwambia, na hapa nilikuwepo niliwasikia, "Paa letu lilipovuja nyie mlichanga?" Mlango ukafungwa. Akalipa peke yake, akakopa.

Nilikaa na lile neno siku nyingi. Maana bibi wa juu hakuwa anamkomoa, alikuwa anasema kweli yake, na yule baba naye kweli yake. Nikaanza kuona kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwamba uharibifu wa jengo una mlango wake wa kwanza kugonga. Paa likiharibika anaumia wa juu, bomba likiziba anaumia wa chini, taa ya ngazi ikiungua anaumia anayerudi usiku, na kwa sababu unaanzia kwa mmoja basi wote tunausoma kama tatizo la huyo mmoja, matatizo ya watu, sio matatizo ya jengo. Na sisi wa kati ndo tulikuwa wabaya zaidi, nasema hivi kwa uchungu, maana sisi ndo hakuna kilichokuwa kinatufikia mapema na ndo tungeweza kusema bila kuonekana tunajitetea wenyewe. Tulinyamaza pande zote mbili.

Cha kwetu kilikuja mwezi wa nane. Alasiri, nina mteja ananisubiri nimalizie dira, tukasikia kishindo kwenye ngazi. Kipande cha zege kimedondoka kutoka chini ya kile kibao cha ngazi kinachopanda toka kati kwenda juu, kipana kama sinia, kimepasukia pale pale watoto wanapokaaga kucheza karata wakitoka madrasa. Walikuwa bado hawajatoka madrasa. Alhamdulillah. Nikaangalia juu nikaona nondo ziko nje, nyekundu, zimevimba, zinakatika maganda kama kitunguu.

Nilimwita fundi ninayemuamini, mzee wa makamo, kajenga sana Raskazone huko. Hakuanza na kuchanganya simenti, alichukua nyundo ndogo akawa anagonga gonga dari ya ngazi yote, sehemu nyingine inalia nzito ko ko, sehemu nyingine inalia kama debe tupu. Akachora kwa chaki penye kulia debe. Jamani, chaki ilikuwa nyingi. Akanieleza kwamba nondo ikishaingiwa na maji na chumvi inapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa, kwa hiyo inasukuma zege toka ndani mpaka linapasuka, na likipasuka hewa na maji yanaingia zaidi, kutu inaongezeka, hivyo hivyo. Na sisi tuko pwani, upepo wa bahari una chumvi saa zote, na majengo mengine hata mchanga wake wa zamani ulichotwa ufukweni bila kuoshwa. Nikamuuliza maji yametoka wapi maana ngazi iko ndani hainyeshewi. Akanishika mkono akanionyesha michirizi ya ukutani. Yalikuwa yanatoka paani. Yale yale ya bibi, yalishapita chumbani kwake yakafuata ukuta yakaja kukaa kwenye ngazi yetu.

Nililia, sioni haya kusema.

Jioni ile ile nikapita mlango kwa mlango, sikuita kikao cha wenye nyumba, niliita wakaaji. Tukakaa kwenye ngazi yenyewe baada ya isha, kila mtu kwenye kidato chake, chini ya zile nondo. Niliona tukikaa sebuleni kwa mtu tutarudi kwenye nani alimfanyia nani. Nikaanza kwa kumuomba radhi bibi mbele ya watu na kumuomba radhi yule baba, maana pesa ya gari la kunyonya nilikuwa nayo siku ile na sikutoa. Bibi akasema, "Yameisha mwanangu, tuangalie hili la watoto."

Tulilokubaliana usiku ule ni jepesi ila limetushikisha. Tuligawa vitu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vya kutumia na kusafisha: taa, kufagia, umeme wa pampu, kunyonya chemba, kuzibua, kusafisha paa na simtanki. Hivi ni vya sisi tunaokaa, tupange tusipange, hatuna haja ya kumpigia mtu Mombasa kwa ajili ya balbu. Fungu la pili ni mwili wa jengo, yani zege, nondo, paa kuziba, bomba kuu kubadilisha, na hilo ni la warithi wote wanne kwa mafungu yale yale waliyogawana, mbili mbili moja moja, maana kama walirithi nyumba kwa hesabu ile basi na ngazi inayofika kwenye hizo nyumba wameirithi kwa hesabu ile ile hata kama haikuandikwa. Aliyelisema hili ni yule dada wa Chumbageni tulipompelekea, na wallahi ndo lililowafungua kaka zake, maana lilikuwa linatoka kwenye mirathi yao wenyewe halikutoka kwa mpangaji.

Wapo watakaosema kuna sheria. Ni kweli ipo, ya mwaka 2008, ya kumiliki sehemu ndani ya jengo, kila mtu na hati ya kipande chake, na mule vile vya pamoja vinakuwa vya wenye vipande wote na wanatakiwa wawe na chama chao cha kuvisimamia kwa michango. Kwa anayenunua nyumba kwenye jengo jipya namshauri aulizie hicho chama kabla hajaulizia rangi ya vigae. Sisi jengo letu hati ni moja, bado ina jina la marehemu, kwa hiyo tulitumia karatasi ya kawaida, kalamu, saini za warithi na za wakaaji.

Mchango ni elfu kumi kwa mwezi kila mlango, duka nalo mlango. Milango tisa, elfu tisini. Taa peke yake ilikuwa imetugombanisha mwaka mzima, kila mtu anaogopa ikiunganishwa kwenye mita yake ataliwa luku. Nikakaa nikapiga hesabu: balbu tatu za wati 9, ziwake toka saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, ni kama uniti 10 kwa mwezi. Hata ukihesabu kwa ile bei ya juu ya shilingi 350 na kitu kwa uniti, haifiki 4,000 kwa jengo zima, ukigawa kwa tisa ni kama mia nne kila nyumba. Mwaka mzima bibi alikuwa anapanda gizani anapapasa ukuta kwa ajili ya mia nne. Nilipoisema watu walinyamaza kabisa.

Kukawa na la luku jingine, la kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye luku, na kwetu ilikuwa inakatika kwenye mita ya yule baba wa chini, kwa hiyo alikuwa anajiona ameshalipia jengo na alikuwa sahihi. Tukakubaliana mwenye nyumba wake aipunguze kwenye pango na achukue sehemu za warithi wenzake, likaisha siku ile ile. Vitu vingine havikuwa vigumu, havikuwa tu vimewahi kutamkwa.

Pesa anashika mama mmoja wa juu, daftari linaning'inia kwenye msumari pembeni ya mlango wa chini, risiti zimebanwa humo humo, kila anayepita anafungua anasoma. Grupu la WhatsApp tunalo lakini pesa hatujadilii mule, mule watu wanaandika wamekasirika. Daftari ukilisoma uko umesimama, mwenzio anapita, mnasalimiana, mnaulizana, yanaisha.

Tulichofanya kwanza ni tundu la paa. Ufunguo ukaja na basi kutoka Mombasa. Vijana wawili wakapanda, wakatoa ndoo kumi na moja za uchafu, na mule kwenye maji yaliyosimama kulikuwa na viluwiluwi vya mbu tele. Nikakumbuka 2019 dengi ilivyotusumbua hapa Tanga, wale mbu wake wanauma mchana na wanapenda maji ya kusimama kama yale, wiki moja na siku kidogo yai limeshakuwa mbu anaruka. Tulikuwa tunapulizia dawa vyumbani wakati tunawafuga juu ya vichwa vyetu. Boya la simtanki likabadilishwa siku ile. Baada ya hapo mvua za vuli zikaja, bibi alipata unyevu kidogo kwenye kona, kitanda hakikuhama.

Alafu ngazi. Fundi alikataa kupiga plasta juu ya kutu, alisema wengi wanafanya hivyo na baada ya miaka miwili inadondoka nzito zaidi. Akatindua mpaka zaidi ya penye kutu, akasugua nondo kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, mbili zilizokuwa zimeliwa sana akaziongezea nondo mpya pembeni, akapaka dawa ya kutu, ndo akajaza. Warithi walilipa. Kaka wa Mombasa amelipa kwa vipande vitatu, kaka mkubwa alikuwa wa mwisho lakini alilipa.

Sitaki mtu aone kwetu pamekaa sawa kila kitu. Chini ya ngazi bado pana baiskeli saba, na mji huu baiskeli ni miguu ya mtu huwezi kumwambia aiache barabarani ilale, ila na pikipiki moja nayo inalala mule na petroli yake, na majirani wawili bado wanapikia mkaa koridoni. Moto ukitokea wote tunashuka ngazi hiyo moja. Tumesemeshana mara mbili, bado. Pikipiki naona itatoka kabla ya mwezi huu kuisha maana mwenyewe amekubali kuilipia kwa mlinzi wa jirani. Mkaa ni mgumu, gesi ina bei yake na siwezi kumhukumu mtu kwa hilo. Na kuna nyumba moja kati, jirani yangu kabisa ukuta kwa ukuta, miezi minne hajachangia, na jina lake kwenye daftari liko wazi. Simsemi. Mi ndo nilikuwa hivyo.

Kilichobaki sasa ni paa lenyewe kuziba, kabla ya masika. Saivi kaskazi inapiga, zege limekauka vizuri, fundi anasema likizibwa likiwa bado na unyevu ndani hayo makaratasi ya lami yanayochomwa kwa moto yatavimba na kubanduka, kwa hiyo ni sasa au tusubiri mwaka mwingine. Warithi watatu wameshatuma, wa nne ameahidi ijumaa. Fundi anakuja jumamosi saa mbili asubuhi. Ufunguo wa paa anao bibi, umefungwa na kitambaa chekundu ananing'iniza pamoja na ufunguo wa kabati lake, na ukitaka kupanda unagonga kwake, unamuamkia, anakupa.